Bunduki ya Bei Yetu

Jumatatu, 4 Agosti 2025

Asubuhi bila umeme. Jumamosi ya tarehe 16 tunamwondolea matanga Valéry. Mdogo wangu. Mwaka mmoja tayari. Kiboko alimkuta shambani kwake, bondeni Rusizi, akipiga sufuria ili kumfukuza. Sufuria! Naandika hivyo kama orodha ya sokoni.

Leo mjane wake Léoncie amekuja kwangu hapa mjini, Mutanga, na karatasi. Ushirika wao wa wakulima wa mpunga umekubaliwa bunduki moja ya kuwindia, kulinda mashamba. Moja tu. Atakayeishika ni Landry, kifungua mimba wa Valéry. Mdhamini awe mtu wa familia mwenye diploma, naye ndiye ajaze namba ya risasi, yaani iwe bunduki ya ukubwa gani.

"Shemeji, we ndo umesoma," amesema. Kisha, bila kupandisha sauti: ile ya baba yenu uliitoa we, basi hii uichague we.

Ni kweli. Wakati ule wa kukusanya silaha za raia nilipiga kelele redioni miezi mitatu. Bunduki ndani ya nyumba ni mgeni anayengoja mwenyeji alale — maneno yangu hayo. Katika nchi nzima aliyenitii ni Valéry peke yake! Akaipeleka ofisini komini bunduki ya baba, ile ya kuvuta komeo, akarudi na mabati kumi ya zawadi. Aliyasifia mabati yale kama mtu aliyeoa.

Nimepokea karatasi. Nimemwuliza kama atakunywa chai.

Jumatano, 6 Agosti

Kwa Huseni, Buyenzi. Miaka ishirini aliongoza wawindaji upande wa Tanzania. Sasa anauza vipuri vya pikipiki, na wenye vibali huwa wanamtuma huko kununua. Bunduki anazijua kama mkunga anavyojua matumbo. Amenikalisha juu ya tairi. Nimetoka na kurasa nne.

"Mwalimu" — niliacha kufundisha historia zamani, wao hawajaacha kuniita — "usianze na bei ya bunduki. Anza na bei ya risasi." Kuna bunduki nzuri za zamani zinazouzwa kwa bei ya mbuzi watatu, lakini risasi zake hazionekani kutoka ziwa hili mpaka Mombasa. Unakuwa umenunua fimbo.

Kwa nini ya komeo? Haina vitu vingi vya kuharibika. Vumbi, tope, mtu asiyejua kusafisha — inavumilia. Unafyatua, unavuta komeo, ganda linaruka, unasukuma, nyingine inaingia. Kila risasi unaamua upya.

Zamani sentensi hiyo ya mwisho ningeijengea makala nzima. Leo nimeinakili tu.

Ijumaa, 8 Agosti

Jovithe, mpinzani wangu wa makala, amenishambulia tena kwenye grupu la WhatsApp. Mimi ni ngoma iliyopasuka, ati, na bado nadhani watu wanacheza. Miaka kumi na minne tunapigana, yeye na mimi, mpaka kwenye koma na nukta. Nimeusoma ujumbe wake kama kile kikaratasi cha ndani ya boksi la dawa. Sikujibu.

Baada ya saa moja akapiga simu. Uko mgonjwa? Apana, nikasema.

"Basi nitukane hata kidogo, bwana. Watu wanangoja."

Nilitafuta tusi. Sikulipata.

Jumapili, 10 Agosti

Misa. Nyimbo nilizijua zote, nikaziimba zote. Huseni amekuja mchana na picha kwenye simu. Amechambua, zimebaki mbili.

Ya kwanza: risasi namba 308. Ya Kicheki, imetumika, kitako kimekwaruzika lakini mtutu ni safi. Risasi zake zipo. Ushirika unaweza kuilipa hata kesho.

Ya pili: 375. Nzito. Risasi nene kama kidole. Bei mara tatu. Ushirika ungoje mavuno mawili.

Nikamwuliza: ile ya kwanza inaua kiboko? Amecheka mpaka akakohoa. "Ukimpata kwenye ubongo, mchana, amesimama kama anapigwa picha. Gizani kwenye matete? Utamjeruhi tu. Na kiboko mwenye jeraha, Mwalimu, anarudi kuuliza ni nani."

Kisha akasema taratibu, akifuta kioo cha simu: ile ndogo ni ya swala. Na ya mutu.

Kwa hiyo: bunduki ya bei yetu inamtosha mtu. Kiboko haimtoshi.

Nimepigia mstari. Nikala wali na maharage.

Jumanne, 12 Agosti

Landry amekuja. Ana miaka ishirini na minne na mabega ya baba yake, hata namna ya kuinama mlangoni ingawa mlango ni mrefu. Nikamweleza zote mbili, na picha. Hakuuliza uzito. Hakuuliza habari za kiboko.

"Baba mukubwa, ile ndogo inafika mita mia mbili?"

Inafika na kupita.

"Basi inatosha."

Nikamwambia: kiboko unampiga kwa mita ishirini au usimpige kabisa. Akaitikia ndiyo, ndiyo, kama mtu anayemsikiliza padri huku akiwaza basi la mwisho. Akashukuru. Akaondoka.

Mia mbili za nini?

Alhamisi, 14 Agosti

Nimekwenda bondeni. Mafuta hakuna, teksi hakuna. Baiskeli ya kukodi, nyuma kama gunia. Léoncie amenionyesha njia ya kiboko: matete yamelala, nyayo kama sahani kwenye tope. Bado anakuja. Juzi amekula mpunga wa watu wawili. Léoncie analala kwenye kibanda cha shambani na sufuria ileile. Ina kibonyeo ubavuni. Nikamwuliza kwa nini hachukui nyingine.

"Hii inalia vizuri."

Wakulima walikuwa wamechimba mtaro mrefu wa kuzuia viboko. Mwaka jana jirani, Bonfils, alifukia mita nne ili lori lake la mchanga lipite. Siku mbili tu, alisema baadaye. Hakumwambia mtu. Kiboko akapita palepale. Wiki ya mazishi Bonfils aliuchimba upya peke yake, kwa mikono yake, watu wakimwangalia bila kumsaidia. Halafu mafuriko ya mwaka huu yakaubomoa mtaro wote. Bondeni kila mtu anaijua hadithi hii, wala hakuna anayeisimulia. Nami niliijua. Niliiweka mahali, kama funguo.

Kutoka kibandani mpaka njia ya kiboko nimepima: hatua thelathini na moja.

Kisha miguu ikageuka yenyewe upande wa nyumba ya Bonfils. Ule mlango wa buluu unaonekana wazi kutoka kibandani, hakuna hata mgomba katikati. Mia na themanini. Mia na tisini. Kwenye mia na tisini na sita mke wake akanisalimu. Nikamwitikia, nikarudi.

Ningepaswa kuogopa. Nimeandika hesabu.

Jumamosi, 16 Agosti

Naandika nyumbani kwa Valéry, chumba cha ndani, chini ya mabati yale kumi. Nimesema naingia kutafuta miwani.

Nje hotuba zimekwisha. Msemaji wa familia ameuliza kama desturi: nani ana neno na marehemu, au marehemu alikuwa na neno na nani? Lisemwe leo. Bonfils akasimama, kofia mkononi, kasha la bia ya Primus miguuni pake.

"Mi niko na neno. Ule mtaro…"

Akashindwa. Midomo ilikuwa inaendelea, sauti hapana.

Landry akainuka. Akalichukua kasha, akafungua chupa, akagawa. Bonfils wa kwanza, kwa mikono miwili, ameinama. "Kunywa, muzee." Wanawake wakapumua. Mimi niliangalia uso wa kijana. Nimeuona uso huo kwenye kioo mwaka mzima.

Sasa Huseni yuko nje, amekuja kuchukua karatasi. Jumatatu anavuka mpaka nayo. Imejazwa yote isipokuwa namba. Nikiandika kubwa: mavuno mawili ya kungoja, na Léoncie kibandani na sufuria, mavuno mawili. Nikiandika ndogo —

Landry ameingia. Mimi, niliyekuwa na maneno kwa maaskofu na mabalozi, natafuta sentensi moja ya kumwambia mtoto wa ndugu yangu.

"Umekula?"

"Nimekula, baba mukubwa. Wanakungojea."

Hatoki. Dirishani namwona Bonfils, chupa bado imejaa. Nyuma yake Léoncie anasugua sufuria. Ile yenye kibonyeo. Saa kumi jioni. Kabla ya giza atateremka kibandani.

Nimeandika 3. Zote mbili zinaanza na 3. Landry yuko mlangoni, ameinama kidogo, anaangalia kalamu.