Fulana Mpya na Shamba la Mama Mkwe

Arua, Jumapili jioni

Dada yangu Mwajuma,

Shikamoo. Goti linaendeleaje? Na paa la jiko bado linavuja? Sisi huku wazima. Zaituni wangu ananenepa, nami nanenepa kumzidi.

Kwa heshima na taadhima, naitangazia Tabora nzima kwamba mdogo wako amepata fulana. Ni ya buluu, mgongoni imechorwa kompyuta, na inaishia juu kidogo ya kitovu. Nasikia picha niliyokutumia umeifikisha hadi msikitini, ukisema Rajabu siku hizi anatengeneza programu za simu. Dada, ngoja kwanza.

Mimi bado nakodisha viti na mahema. Jana nilipeleka viti kwenye ukumbi mmoja hapa mjini, vijana wanashindana: kila kikundi kitengeneze programu ya kusaidia jamii, asubuhi waanze, jioni majaji waje. Kikundi cha binti mmoja, Candiru, hakikuwa na wazo. Akaniona nimekalia kiti changu mwenyewe.

"Mzee, watu ya huku iko na shida gani?"

Shida niliyokuwa nayo kichwani ni mama mkwe. Yuko Midia, kule Koboko, na anataka mkwe aje na ndugu zake wamlimie. Ndugu zangu mko Tabora. Mvua imeanza, majani yamefika kiunoni, na kila nikienda na jembe langu moja anawaambia majirani, "Huyu mukwe yangu ni mutu muzuri, lakini hana watu." Zaituni akisikia hayo hulala ameelekea ukutani.

Basi nikamwambia Candiru: tengenezeni kitu cha kuitana, mtu akiwa na shamba la kulima au nyumba ya kuezeka. Wakaruka! Wakataka namba za kujaribia. Nikawapa za wateja wangu wa Koboko. Wakataka mfano wa ujumbe. Nikawatajia shamba la mama mkwe. Adhuhuri kitu kikawa tayari.

"Mzee, hapo usiguse," Candiru akasema akienda kuchukua soda. "Hiyo inaenda kwa watu kweli."

Aliporudi, ujumbe ulikuwa umeshakwenda: leo saa tisa, kulima kwa mama mkwe wa Rajabu wa viti, Midia, chakula iko. Nikasema vidole vyangu vinene, vimeteleza. Wakacheka, wakaamini hatakuja mtu.

Alasiri simu ikalia.

"Mukwe! Watu iko huku na majembe, wamejaa mpaka barabarani! Wanauliza chakula. Mimi niko na muhogo mbili!"

Nikamlilia mpishi wa ukumbi hadi akaniachia sufuria zima la pilau. Naliingiza kwenye pikapu ya viti, nageuka, kikundi kizima kimeshapanda nyuma na kompyuta zao.

"Na majaji?" nikauliza.

"Watu wetu iko kule," Candiru akajibu. "Tukae hapa tufanye nini?"

Zawadi ilikwenda kwa programu ya kukumbusha watu kunywa maji. Sisi tulibaki na fulana tulizogawiwa asubuhi, kama kila mtu.

Tulipofika Midia shamba lilikuwa limekwisha. Jembe unaloliona kwenye picha nilishikishwa tu. Watu wakala pilau kwenye viti vyangu vilivyobaki kwenye pikapu, na mama mkwe akamwambia jirani, kwa sauti ya kunifikia, "Si nilisema? Mukwe yangu iko na watu." Jana Zaituni alilala ameelekea upande wangu.

Nisalimie shemeji, fundi baiskeli wetu, na mama mdogo Tatu anayeuza karanga sokoni. Mwambie kaka Idi aache kuniombea kazi ya kompyuta.

Sasa la kweli, lako peke yako. Candiru ameomba radhi kwa majaji kwa ajili ya vidole vyangu. Dada, vidole havikuteleza. Nilisoma ule ujumbe mara mbili, nikatazama mlango, nikabonyeza. Niliona haya kumwomba mtu mmoja mmoja, nikidhani mgeni akiita hapati mtu. Lakini bwana mmoja, akinawa tope la shamba lile, aliniambia, "Rajabu, msiba ya baba yangu ulileta viti, ukakaa na sisi mpaka mwisho. Sasa kuniita mpaka ulete mashine? Ungepiga simu tu."

Mdogo wako mwenye watu,
Rajabu