Kwa Mizani, Aliyepatanisha Soko Akaiacha Nyumba

Mwaka umetimia, Mizani, tangu ututoke, nasi wa nyumbani kwako tunakukumbuka kwa upendo mwingi na hasira kidogo. Watoto walitaka nilifute neno hasira. Nimelibakiza, maana wewe ndiye uliyetufundisha kwamba tangazo lisilo la kweli ni bidhaa mbovu hata likipambwa kwa picha nzuri.

Anayeandika ni mimi mkeo. Binti yetu alikuwa ametayarisha rasimu yake ya tangazo hili la gazeti: mpole, mcheshi, mkarimu, mwenye hekima. Nikamwuliza, "Mwanangu, huyu ni baba yako au ni mgombea ubunge?" Akacheka mpaka machozi yakamtoka, kisha machozi yakaendelea hata kicheko kilipokwisha. Basi nikamwambia anipe karatasi.

Wanafunzi ndio waliokubandika jina la Mizani, kwa kuwa kila swali ulilipima huku na huku mpaka kipindi kikaisha na jibu bado. Ulifundisha maadili ya biashara maisha yako yote, katika ofisi ya mwisho kabisa kwenye korido, ile iliyopakana na stoo ya viti vibovu, dirisha lake limezibwa kwa kadibodi. Wenzako wa uchumi walikutania kwamba kumfundisha mfanyabiashara maadili ni kumfundisha paka kulinda maziwa. Ukawajibu kwamba paka wa namna hiyo umewaona wengi, ila hakuna anayewaandika. Kila mwaka ulifungua somo kwa maneno yaleyale: mtu hachomi nyumba ya mteja wake wa kesho. Ukiondoa tanbihi, hiyo ndiyo ilikuwa elimu yako yote, na uliiamini kama mtoto.

Ukienda kununua kitu ulikuwa balaa. Wenzako huomba wapunguziwe, wewe ulimwuliza muuza nyanya, "Na hapo wewe unabaki na nini?" Akadhani unamdhihaki. Tulipotaka kuuza gari letu ulimwonyesha mnunuzi kutu iliyojificha chini ya zulia, ukawasha injini asikilize kikohozi chake, ukamalizia na habari za breki. Yule bwana akaondoka akisema mtu anayetaja kasoro zote hizo lazima anaficha iliyo kubwa zaidi. Gari bado liko uani. Kuku wa jirani wanatagia humo.

Ulikuwa mwema, hilo nani atabisha. Mwanafunzi aliyenakili insha ya mwenzake hukumfukuza. Ulimleta nyumbani, ukamketisha mezani kwetu aiandike upya, na kila alipokwama nikawa mimi ndiye wa kumwongezea chai. Leo ni meneja wa benki, na mke wake ananiambia kalamu ikimgomea hadi sasa anadai chai.

Sasa nije kwenye kazi yako kubwa, ile wanayokusifia.

Soko la kando ya reli lilipoungua katika zile fujo za watu wa pande mbili za reli, wauzaji wa upande huu na wa upande ule wakawa hawasalimiani, sembuse kupanga meza pamoja. Ukawaendea na kanuni yako: kila anayetaka kulalamika aanze kwa kusema kosa la watu wake. Uliwakusanya ukumbini, kila mmoja akatazama viatu vyake. Nani aanze kujivua nguo mbele ya hasimu? Ukasema, "Basi naanza mimi." Ukawasimulia kwamba mdogo wako, uliyezaliwa naye tumbo moja, muuza vifaa vya ujenzi ambaye mji mzima humwita Simenti, aliuza nondo nyembamba kuliko kipimo kilichoandikwa. Naye alikuwa ameketi mstari wa mbele, kwa sababu ulimwalika wewe, na viti walivyokalia watu alivileta yeye kwa gari lake.

Ukumbi ukafunguka. Mama mmoja muuza vitunguu akasimama akasema, "Kama profesa kamtoa ndugu yake, mimi ni nani? Wale vijana waliowasha moto niliwaona wakipita, nikanyamaza. Ni wa kwetu." Akafuata wa upande wa pili, kisha mwingine. Hadi leo soko lile lina mlango huku na mlango kule, na meza zimechanganyika. Ukaandika makala, zikasomwa ng'ambo, ukaalikwa kwenye mikutano.

Simenti aliondoka kabla ya watu kunyanyuka. Viti vyake akatuma mtu kuvichukua.

Waliokupigia makofi hawakujua ninalolijua mimi. Habari ya nondo alikuambia jikoni kwetu, nikiwa namenya viazi. Alikuja kama mdogo kwa kaka yake, amegundua kwamba kiwanda kimempa mzigo mbovu na baadhi ameshauuza. "Kaka, nifanye nini?" Ukamshauri vizuri, naye akakusikia. Nondo zilizobaki alizirudisha, na walionunua akawafuata nyumba kwa nyumba kuwabadilishia. Hilo hukulisema ukumbini. Ulisema ulisahau. Mtu wa tanbihi nyingi kama wewe, ukasahau sentensi hiyo moja!

Nilikusihi ukamwombe radhi. Ukanijibu kwamba ukweli hauombewi radhi. Nikakuambia ulichosema ni nusu ya ukweli, na hata hiyo nusu haikuwa mali yako, ilikuwa yake. Ukavua miwani, ukaifuta, ukasema utalifikiria. Mizani, ulilifikiria mpaka ukafa.

Wala si kwamba hukumpenda. Ulikuwa ukivizia atoke ndipo uingie dukani kwake, ukanunua misumari ili umwulize mhudumu kama mgongo wa bosi wake umepona. Misumari tunayo ya kujengea mtaa mzima. Yeye naye, bomba letu lilipopasuka, alituma fundi na kumkataza kusema katumwa na nani, kana kwamba tungedhani katumwa na serikali. Wazee wazima na mvi zenu, mkichunguliana kama watoto waliogombania gololi. Siku ya mazishi alilibeba jeneza lako, upande wa kichwani, wala hakukubali mtu ampokee. Kisha akaenda zake bila kuaga.

Watu wa chuo walisema mengi mazuri. Mkuu wa idara alikuita daraja kati ya watu na watu. Nilitamani kumwuliza daraja hilo lina faida gani ikiwa wa nyumbani wanavuka kwa kuogelea, lakini dada yako alinikanyaga mguu. Somo lako wamempa mwalimu wa uhasibu, ambaye nasikia huugeukia ukuta na kulisoma kama lilivyoandikwa, wanafunzi wakimsikiliza mgongo.

Haya yote ningeyameza, kama nilivyomeza mengine. Ila binti yetu anaolewa mwezi ujao, naye anataka baba yake mdogo asimame mahali pako. Hataki mtu mwingine. Alikwenda mwenyewe dukani kumwomba. Simenti akamkaribisha, akamtafutia kiti, akamwuliza habari za wagonjwa wake wodini, kisha akasema, "Mwanangu, nakupenda kama wanangu. Lakini nitasimamaje mahali pake, na mimi na yeye hatujamalizana? Aniombe radhi kwanza."

"Baba mdogo, baba amekufa."

"Najua," akasema. "Ndiyo maana nina hasira."

Mtoto alirudi nyumbani, akaketi kitandani bila kuvua viatu. Hapo ndipo nilipokuchukia, mume wangu, kwa muda wa kama nusu saa hivi. Umewapatanisha waliochomeana maduka, ukatuachia sisi kufuli, na ufunguo umezikwa nao. Nitakufuata wapi nikakuburute mkono mpaka kaunta ya mdogo wako?

Kwa hiyo nalisema mimi, hapa gazetini, mbele ya watu, kwa sababu alivunjiwa heshima mbele ya watu. Ulimkosea mdogo wako. Siri aliyokupa jikoni uliitoa ukumbini, tena ukaitoa nusu. Nondo alizirudisha. Wateja aliwabadilishia. Amani ya soko lile ilinunuliwa kwa jina lake jema, na yeye hakuulizwa. Namwomba radhi kwa niaba yako, bila ruhusa yako. Ukikasirika, kasirika. Tutakutana.

Kabla ya kulipeleka tangazo hili nilimpelekea Simenti alisome, maana kumsema mtu bila kumwuliza tumeshaona kunatufikisha wapi. Alilisoma amesimama nyuma ya kaunta, mteja mmoja akingoja bawaba zake. Akamaliza, akaanza tena.

"Shemeji, gazeti hili wa kule sokoni wanalisoma?"

"Wanalisoma kwanza, ndipo wanafungia vitunguu."

"Pande zote mbili?"

"Zote mbili."

Akahesabu bawaba za yule mteja, akakosea, akazihesabu upya. "Harusi yenyewe ni saa ngapi?"

"Kwani unakuja?"

"Nimeuliza saa tu, shemeji. Kuuliza saa ni kosa?"

Nikamtajia saa. Hakuandika popote. Alinisindikiza mpaka barabarani, jambo ambalo hajalifanya tangu ile siku ya ukumbini, akanitafutia usafiri, akamgombeza dereva aendeshe polepole.

Tunaokukumbuka ni mimi mkeo, binti yako muuguzi, ambaye ndiye bibi harusi, mwanao dereva wa lori, ambaye hadi leo anabishana nawe peke yake safarini na anasema bado unamshinda, dada yako fundi cherehani, aliyewalea wewe na mdogo wako na kuwachapa bila upendeleo, wajukuu wako, mama wa vitunguu na wauzaji wote wa pande mbili za reli, na mdogo wako Simenti, ambaye amekubali kuandikwa hapa kwa sharti moja, kwamba tuandike bado amekukasirikia.

Bado amekukasirikia. Nasi pia. Na kukusahau, Mizani, hatuwezi.