Kulia, Ukitazama Kutoka Wapi?

Wewe utakayeufungua ukurasa huu, nakuomba kwa jina la mama yako: usimwambie mtu. Usimwambie mwenzako wa nyumbani, wala padri wako, wala rafiki unayemwamini kuliko wote. Funga kinywa hata kwa lile utakaloliona dogo. Mimi bado niko kwenye miezi ya majaribio, na kwa karani aliye kwenye majaribio hakuna neno dogo.

Jumatano, Homa Bay. Mvua imenyesha tangu asubuhi, ziwa halionekani. Ofisi inanuka samaki kuliko kawaida. Nadhani hata wino unanuka.

Nina uchungu na sijui niumwagie nani.

Chama chetu cha ushirika kina gari moja tu, pikapu ya dizeli inayobeba samaki kutoka Sindo hadi hapa. Mwezi uliopita ilianza kukohoa. Kwenye kilima ilikuwa inazimika, inasubiriwa, inawaka tena kwa kubembelezwa. Fundi akasema pampu ya dizeli imekwisha. Bwana Katibu, ambaye ndiye mkuu wetu sote, akaniita mbele ya watu na kusema, "Wewe ndiye msomi hapa. Nenda Migori ukachague nyingine."

Nilifurahi. Naliandika neno hilo makusudi ili linichome kila nikilisoma. Nilifurahi, nikapiga viatu rangi, nikapanda basi.

Katika kuchagua pampu njia zilikuwa tatu. Kuna ile ya kiwanda kilichounda gari lenyewe, inayoagizwa ng'ambo na kusubiriwa mpaka meli ifike Mombasa. Kuna kuukuu iliyofunguliwa na kufungwa upya, ambayo hakuna fundi atakayekuapia. Na kuna ya kiwanda kingine, iliyoundwa kuingia mahali pa ile ya kwanza. Katibu alitaka hii ya tatu kwa sababu ya bei, nami sikuona ubaya. Bado siuoni. Hapa ofisini kila mtu sasa anasema tulinunua takataka. Si kweli. Pampu ilikuwa nzuri. Mashimo ya bolti yalilingana na mchoro niliouchora garini kabla ya safari, matundu ya mafuta yalikuwa manne kama yetu, na shafti iliingia kwenye kipimo bila kuchezacheza.

Kilichobaki ni mzunguko tu. Pampu hizi huundwa za namna mbili, za kuzunguka kulia na za kuzunguka kushoto, na ukizitazama kwa nje ni pacha, ila ikizungushwa kinyume haisukumi mafuta, na ikilazimishwa huvunjika. Kibao cha pampu yetu kilikuwa kimeliwa na kutu, na herufi inayotaja mzunguko haikusomeka. Kuing'oa niende nayo hatukuweza. Gari lilikuwa bado linajikokota, na Katibu hakutaka lisimame hata siku moja.

Kwa hiyo kabla ya safari nilimuuliza dereva, Mzee Onyango, ambaye alimsaidia fundi kuifunga pampu ile ya zamani. Nilimuuliza kwa Kijaluo inazunguka upande gani. Alikuwa ameketi kwenye usukani akila ndizi. Akanijibu, "Korachwich." Upande wa kulia. Nikaandika kulia, nikaenda zangu.

Migori, mwenye duka la spea, Bwana Kanji, aliniuliza swali lile lile.

"Kulia au kushoto, Karani?"

"Kulia."

"Kulia, ukitazama kutoka wapi?"

Nilicheka. Kulikuwa na watu wengine kaunta, na nilivaa tai. Nikasema, "Bwana Kanji, kulia ni kulia."

Hakubishana. Alinifunulia kitabu cha spea, akaweka kidole kwenye mstari, akaniomba nisome. Nikausoma kwa sauti. Ulisema kwa Kiingereza kwamba mzunguko huangaliwa kutoka upande wa shafti, yaani pale pampu inaposhikana na gia za injini. Niliusoma vizuri sana. Matamshi hayakunikwama popote.

"Kiingereza safi," alisema Bwana Kanji. "Basi wewe unajua."

Akaifunga kwenye karatasi ya hudhurungi na kamba.

Nilikuwa nimesoma mstari mzima na sikusikia hata neno moja. Nilikuwa nasikiliza sauti yangu.

Jumatatu fundi aliifunga. Injini ilizungushwa mpaka betri ikafa. Moshi mweupe kidogo, basi. Katibu akaamuru gari livutwe kwa lori la pamba, liwashwe kwa nguvu. Likavutwa hadi karibu na gati, na humo njiani tukasikia kitu kikikatika ndani ya pampu. Pampu iliyovunjika hairudishwi dukani. Sindo samaki walikuwa wamekwisha kupangwa kwenye masanduku. Barafu iliyeyuka jana adhuhuri. Leo wauzaji wao, akina mama kumi na zaidi, wamekuja hapa kwa miguu na kwa malori, wakasimama kwenye mvua nje ya dirisha langu.

"Karani," mmoja aliita, "toka uje unuse hesabu yako."

"Mwache huyo," mwenzake akasema. "Huyo anasoma tu, hanusi."

Wakacheka kile kicheko cha watu wasio na la kufanya. Nikajifanya natafuta kitu chini ya meza.

Lakini si hilo linalonifanya niandike.

Jana jioni nilikwenda uani. Mzee Onyango alikuwa ndani ya gari bovu, mikono kwenye usukani, kama mtu anayengoja abiria. Nilisimama mbele ya boneti, nikamuuliza tena, kwa upole, ile pampu ya zamani ilikuwa inazunguka vipi. Aliinua kidole na kuchora duara hewani, polepole.

"Hivi, nyathina," alisema. Nyathina ni mtoto wangu. Ananiita hivyo tangu siku aliyomleta mama yangu hospitali hapa, kiti cha mbele, samaki nyuma, bila kumtoza kitu.

Kwake yeye kidole kilikwenda kulia. Kwangu mimi niliyesimama kule mbele, upande wa gia kama kitabu kilivyotaka, kilikwenda kushoto.



Alikuwa amenijibu kama mtu wa kwetu anavyojibu. Boma la kwetu halina kulia mpaka usimame mlangoni kwa mama na kutazama lango. Kaka yangu ni kifungua mimba, simba yake iko kulia. Simba ni ile nyumba ndogo ya kijana ambaye hajaoa. Mimi ni wa pili, yangu iko kushoto. Nilipokuwa mdogo alikuja bwana afya kutoka mjini, akaingia langoni na kuandika nyumba zote kinyume, ya kaka kushoto, yangu kulia. Tulimcheka mpaka mama akatukemea. Mtu mzima, anayelipwa, asiyejua kwamba kulia kunatoka ndani ya nyumba.

Mzee Onyango alikuwa ndani ya nyumba yake. Alitazama lango lake. Hakukosea.

Sasa Katibu. Ameniita leo kabla ya chakula cha mchana, akafunga mlango, akanipa kiti. Hajawahi kunipa kiti. Kesho kamati inakaa, na yeye anataka dereva afukuzwe. Kuna mtoto wa dada yake aliyepata leseni majuzi. Hilo hakulisema, lakini kijana mwenyewe alikuwa barazani, amevaa glavu.

"Kesho utaulizwa mzee alikwambia nini," alisema. "Alikwambia kulia, sivyo?"

"Ndiyo, Bwana Katibu."

"Na pampu uliyonunua ni ya kulia?"

"Ndiyo."

"Basi. Sema hivyo hivyo. Sikuombi useme uongo hata kidogo."

Akanipigapiga begani. Kisha akasema miezi yangu ya majaribio inakaribia kwisha, na kwamba yeye hupenda vijana wenye majibu mafupi.

Hilo ndilo linaloninyima pumzi. Ningeombwa uongo, ningejua la kufanya. Nimelelewa nikifundishwa kuukataa. Hakuna aliyenifundisha kuukataa ukweli uliokatwa katikati.

Nilipotoka nilimkuta mzee akikunja turubai. Nilianza kumweleza, akanikatiza.

"Waambie nilivyokwambia, nyathina. Nimezeeka, pengine nilichanganya. Mimi nina ng'ombe wawili na shamba la mtama, nitakula. Wewe una nini?"

Nina tai, nilitaka kumjibu. Nina matamshi mazuri.

Hajui habari za swali la Bwana Kanji. Hakuna anayejua isipokuwa Bwana Kanji na mimi, na Bwana Kanji yuko Migori na hakuna atakayemuuliza. Ndiyo sababu nilikuomba unyamaze. Neno moja kutoka kwako na nitafukuzwa kabla sijajua kama ningejisema mwenyewe.

Ninaogopa. Nitaandika tena: ninaogopa. Ada yangu ililipwa na ukoo mzima, na nikirudi nyumbani mikono mitupu kila mmoja ataniuliza kwa zamu. Nimejaribu maneno mbele ya kioo cha kunyolea: "Aliniambia kulia, na mimi niliulizwa kutoka wapi, nikacheka." Ni maneno machache. Nilipofika kwenye "nikacheka" sauti iliondoka.

Ikiwa utataka kunipata baada ya kesho, fanya hivi. Pitia kwanza hapa ofisini. Ukinikuta nimekaa kwenye kiti hiki, nimenyoa, nina tai, na kijana mwenye glavu anaendesha pikapu, basi ujue nilitoa jibu fupi. Usinisalimu. Rudisha karatasi hizi mezani na uende.

Usiponikuta, panda lori la pamba liendalo Magunga. Ukishuka, uliza nyumbani kwa Nyar Karungu. Ndilo jina wanalomwitia mama, kwa kuwa alizaliwa Karungu. Ukifika langoni usiniulize kwa kunyoosha kidole, maana utaona nyumba yangu upande wako wa kulia na watu watakwambia iko kushoto, nanyi nyote mtakuwa mnasema kweli. Pita ndani. Salimia. Simama mlangoni kwa mama, geuka, utazame ulikotoka.

Kushoto. Hapo ndipo nitakapokuwa.