Mkono wa Kushoto wa Mwalimu Anatoli

Jumatatu, 10 Juni 1974

Barua imefika. Afisa utamaduni, Bwana Constantine, anakuja Jumamosi kusikiliza darasa letu la viola. Mwalimu mkuu aliisoma ofisini mara mbili, kama vile sote viziwi. Swali ni moja: chombo cha Kizungu kinawafaa nini watoto wa kijiji cha Ujamaa? Akiridhika, tunaendelea. Asiporidhika, darasa linafungwa na viola inachukuliwa.

Viola yenyewe, hiyo ndugu mkubwa wa fidla, ni moja! Wanafunzi kumi na mmoja, pamoja na mimi niliye mwalimu wa darasa la nne. Padri aliyerudi kwao aliiachia shule, mwaka hamsini na mbili. Ilikuja kwa treni; Mwalimu Anatoli akaifuata stesheni ya Malampaka, akarudi nayo kwa miguu, imefungwa kwenye koti lake, yeye mwenyewe akilowa. Tangu hapo hajaacha kufundisha hata wiki moja. Hata wiki aliyomzika mama yake.

Nilidhani barua itamtisha. Alisema tu atampigia afisa nyimbo zetu za kulimia pamba, naye atajua zinafaa nini.

Lakini leo tena, kama wiki mbili hizi zote, viola hakuigusa. Alitufundisha kwa mdomo tu. Kwa nini?

Jumanne, 11 Juni

Sijui nianzie wapi.

Baada ya darasa nilimkuta peke yake, viola kidevuni. Vidole vya kushoto vimelala juu ya nyuzi kama vya mtu mwingine. Anavitazama. Alipoona nimeona, akasema ni baridi. Baridi! Saa nane mchana!

Kisha akakiri. Wiki mbili sasa — aliamka, mkono hausikii. Nikasema twende hospitali. Hataki. Watamlaza, Jumamosi itampita. Akaniapisha nisimwambie mkewe. Nikaapa. Mjinga mimi.

Jumatano, 12 Juni

Nimewafokea watoto bure. Nilimuuliza mganga wa zahanati, nikasingizia ni mjomba wangu. Anasema huenda ni kiharusi. Kinaweza kurudi na nguvu zaidi.

Nikinyamaza, akafa? Nikisema, darasa likafa?

Alhamisi, 13 Juni

Nimevunja kiapo. Nilimkuta Milembe, mkewe, uani, anachambua pamba. "Mwadila, mayu," nikamsalimu Kisukuma, kisha nikamweleza habari za mkono.

Akaendelea na pamba yake. "Mtu aliyevaa shati la vifungo miaka thelathini, ghafla anavaa fulana tu. Unadhani sioni, Domitila?"

Alijua tangu siku ya kwanza! Nikauliza mbona hajampeleka. Akasema ukimtoa hapa kabla ya Jumamosi, utakuwa umebeba maiti. Ameshaongea na dereva wa lori la pamba. Mumewe akishasikilizwa tu, wanaondoka kwenda hospitali, apende asipende.

"Wewe kazi yako ni kupiga," akaniambia.

Kupiga! Mimi! Mbele ya afisa!

Ijumaa, 14 Juni

Nimepiga mbele ya Mwalimu. Vibaya. Uta unakwaruza nyuzi, viganja vinatoka jasho. Anasema napiga kama mtu anayeomba msamaha.

Mayala amekuja kutoka Mwanhuzi. Ni mfugaji siku hizi. Alisoma viola miaka mitatu tu, zamani. Kasikia habari za afisa, akaacha ng'ombe zake kwa kaka yake. Hajashika uta miaka sita. Leo kaushika — na gumba likakaa pale pale. Sote tulianzia hapo: mwezi mzima uta mtupu, bila viola, hadi gumba lijue mahali pake.

Mwalimu akageuza uso ukutani.

Jumamosi, 15 Juni

Naandika barazani, nje ya ofisi.

Nilipiga wimbo wa kwanza. Si vibaya sana. Bwana Constantine alisikiliza, kalamu mdomoni. Akashukuru, akasema amekuja kumsikiliza Mwalimu mwenyewe.

Mwalimu akainuka, akaja mbele. Nilidhani ataanguka! Akakaa kitini, akaegemeza viola begani, akashika uta kwa mkono wa kulia.

"Domitila. Niletee mkono wako wa kushoto."

Nikasimama nyuma ya bega lake, vidole vyangu nyuzini. Uta wake, vidole vyangu. Mwanzo tulipishana, mimi nikikimbilia mbele. Kisha nikasikia anavyovuta pumzi, nikaifuata pumzi. Kina mama waliojaa dirishani wakaanza kuitikia wimbo. Mayala akakanyaga sakafu kama yuko shambani. Bwana Constantine akatoa kalamu mdomoni.

Hakupiga makofi. Aliuliza tu, "Mzee, huo mkono una nini?"

"Umekufa, bwana. Ndiyo maana nimeleta mwingine."

Akaomba tumpishe, aongee na mwalimu mkuu.

Nusu saa sasa. Sauti zinapanda, zinashuka. Nimesikia "Mwanza". Nimesikia "chuo". Sijui chuo gani, wala nani aende. Lori limeshafika, linanguruma. Milembe amemshika mumewe bega, anamwambia twende, yatosha. Yeye anatikisa kichwa. Mdomo wake umeanza kupinda upande mmoja — au ni macho yangu? Mungu wangu, ni macho yangu?

Mlango umefunguka. Mwalimu mkuu katoa kichwa.

"Mwalimu wa viola aingie."

Mwalimu Anatoli hainuki. Ananitazama mimi.