Pikipiki ya Buluu na Ng'ombe Wako

Ilemela, Mwanza

Mpendwa Dada Perusi,

Shikamoo dada. Kwanza tafuta pa kukaa, maana barua hii haifai kusomwa mtu akiwa amesimama na sufuria iko jikoni. Habari za huko Kibara? Mpwa wangu Neema amepona ule mguu? Na kikohozi chako cha wakati wa Pasaka kimekuacha? Mimi ni mzima kabisa, mifupa yote iko mahali pake, na baada ya muda mfupi utajua kwa nini naanza kutaja mifupa.

Dada, nimenunua pikipiki!

Cheka kwanza umalize. Tena si kama ile ya katekista wetu, inayobeba magunia ya mihogo na kuku juu yake. Hii ni ya spoti. Dereva analala mbele mpaka kifua kinakaribia kugusa tangi, miguu unaikunja nyuma, na ukikoroga gia inachomoka utafikiri imetukanwa. Nikiizima mikono yangu inaendelea kutetemeka, sijui ni injini, sijui ni furaha. Mtu mzima mimi, fundi wa mitambo ya barafu, naamka asubuhi nachungulia dirishani kuona kama bado ipo.

Nikueleze ilivyoanza. Unajua siku hizi kila kitu ruksa. Vitu ambavyo zamani tuliviona kwenye picha tu, sasa vimepangwa barabarani vinasubiri mtu mwenye hela. Kule mjini, upande wa Nyamagana, kuna mfanyabiashara anaitwa Bwana Hamisi, analeta pikipiki za mtumba kutoka Japani. Nilikuwa nimekwenda kununua sabuni. Sabuni sikununua. Nilikuta pikipiki nyekundu, imefunikwa bodi ya plastiki kuanzia taa mpaka chini ya injini, inang'aa mpaka nikaona uso wangu ubavuni mwake. Bwana Hamisi akaniambia, "Panda tu kijana, kukaa hatutozi." Nikapanda. Dada, pale nilikwisha.

Kazini sikuwa na la kuongea ila pikipiki. Wenzangu wanaokata minofu ya sangara wakanicheka sana. "Hiyo ya kuinama hivyo, umeangusha sindano?" Waliniambia ninunue ile ya kawaida, ngumu, ya kwendea shamba. Lakini mimi nashinda kwenye baridi, nimevaa koti zito, mlango umefungwa, nasikiliza mashine za watu zikinguruma. Nilitaka na mimi niwe na ya kwangu inayonguruma. Sina sababu nyingine ya maana, na hiyo naona inatosha.

Sasa shida ikawa bei. Akiba yangu ilifika nusu tu. Ndipo nikamwandikia baba kuhusu wale ng'ombe waliotolewa ulipoolewa wewe. Baba akajibu upesi kuliko alivyowahi kujibu barua yangu yoyote. Akasema wale ni wangu, waliingia zizini kwa ajili ya mimi kuoa, na kama sioi basi niwauze nipate usafiri kabla ugonjwa wa ndigana haujawamaliza. Akaniambia hata mnunuzi ameshampata, anasubiri mnada tu. Nilirukaruka chumbani mpaka Mama Kulwa akagonga ukuta.

Mama Kulwa ndiye mwenye nyumba ninayopanga, mjane wa Kisukuma, ana mdomo lakini ana huruma. Alikuwa uani anachambua mchele. Nikamweleza habari yote, nikifikiri atanipongeza. Akaacha ungo.

"Hao ng'ombe ni mahari ya dada yako?"

Nikasema ndiyo.

"Na akirudi nyumbani kesho, mtawarudishia nini wakwe? Eksozi ya pikipiki?"

Nikacheka. Yeye hakucheka. Akaniambia kwamba yeye aliwahi kurudi kwa baba yake, mtoto mgongoni na meno mawili hayapo. Akakuta kaka yake ameshaolea wale ng'ombe wote. Baba yake akampa maji ya kunywa, akampa na kuku wa njiani, akamwambia arudi kwa mumewe kwa sababu hakuna cha kurudisha. "Akarudi nani? Nikarudi mimi," alisema, akaendelea na mchele wake.

Dada, nilikwenda kazini siku hiyo mwili upo, akili haipo. Nilikumbuka Pasaka nilipokuja kuwatembelea. Tulikuwa ziwani unafua, umefunga kitambaa kichwani mpaka karibu kizibe jicho, ukasema ulijigonga mlangoni. Halafu ukaniuliza, kama mtu anayeuliza habari za mvua, kama ng'ombe wote bado wako zizini kwa baba. Nikakujibu wapo, wanene, nikakutania kwamba naona unanisukuma nioe. Ukasema, "Basi vizuri," ukaendelea kufua. Sasa naelewa ulichokuwa unauliza, na imeniuma sana kwamba uliuliza mimi nikaleta utani.

Siku hiyo hiyo nikamwandikia baba kwamba asitoe hata ndama. Nimemwambia nimebadili mawazo, nitaoa. Acha afurahi. Amejibu kwa kunung'unika, lakini mnunuzi amemrudisha na ng'ombe wote wapo.

Basi nikarudi kwa Bwana Hamisi mnyonge, kumuaga yule mwekundu wangu. Nikamkuta amekasirika, majokofu yake ya duka la soda yamekufa yote na wateja wanakunywa soda za moto. Mimi nisiyaone majokofu yaliyokufa! Nikavua shati. Moja lilikuwa limeziba tu, mengine gesi ilikuwa imevuja. Nilikuwa nikitoka kiwandani napitia kwake, mpaka yakaganda yote. Siku soda ya kwanza ilipotoka na ukungu kwenye chupa, Bwana Hamisi aliibusu chupa. Akasema, "Kijana, chagua. Ile buluu kule pembeni, akiba yako na kazi hii tumemalizana. Ukitaka nyekundu, iliyobaki utanilipa taratibu."

Ile buluu nilikuwa sijaiangalia hata mara moja. Bodi yake imepasuka upande mmoja ikashonwa kwa waya, na kioo kimoja hakipo. Nyekundu ilikuwa palepale, inang'aa vilevile. Nikazizunguka zote mbili mpaka Bwana Hamisi akapiga miayo. Nikachagua buluu. Alinishangaa sana, na sababu nitakwambia.

Siku ya kwanza ya mapumziko nikaitoa. Niliifuata lami mpaka Kisesa, na pale penye unyoofu nikailalia. Upepo ukaingia kwenye shati, machozi yakatoka, nikajikuta napiga kelele peke yangu ndani ya helmeti! Jina la mama nililitaja pia. Watoto wa barabarani walinipungia mikono kama mheshimiwa.

Kisha majivuno yakanipeleka Igombe, ziwani. Nikaiegesha kwenye mchanga kwa stendi ya pembeni, nikashuka taratibu watu wapate kuona, nikavua helmeti. Nikasikia kishindo. Stendi ilikuwa imezama kwenye mchanga, pikipiki imelala ubavu katikati ya dagaa walioanikwa na akina mama. Walinizingira, mmoja ameshika fagio. "Wee mtu wa mjini, hapa ni jikoni kwetu!" Dada, nilisahau kabisa kwamba nimekulia kwenye mchanga kama ule, na kwamba mama angenichapa kwa kukanyaga tu ukingo wa dagaa wake. Wakanisaidia kuiinua, wakaniuzia dagaa wote walioguswa, na wengine nadhani hawakuguswa. Ndio hao kwenye mfuko huu uliopewa pamoja na barua. Usiogope, waliolowa petroli niliwatenga. Ila pikipiki inanuka dagaa mpaka leo, na kazini wameshaiita Mama Dagaa.

Nimeipeleka pia Buswelu, kwenye njia mbovu yenye mawe, nikienda polepole na kurudi. Watu waliona nimechanganyikiwa, pikipiki ya spoti kwenye korongo. Lakini nilitaka kujua kama itaweza vumbi la kutoka Bunda mpaka kwako. Inaweza, hata ikibeba mtu wa pili. Nilimpakia Mama Kulwa, ambaye si mwembamba, akasali rozari njia nzima, na tuliposhuka akasema tukirudi nikaze mwendo kidogo.

Barua hii nimempa mama mdogo Nyangeta akukabidhi mkononi, isipitie dukani kwa shemeji. Ukimaliza kuisoma itumie kuwashia moto. Nibusie Neema, mwambie mjomba ana kitu kinachopiga kelele kuliko yeye. Msalimie mama mkwe wako, ambaye kila nikija hunipa kichwa cha samaki na kuwanyima wanawe. Shemeji naye umsalimie, kama utaona inafaa.

Sasa ile sababu. Nyekundu ilikuwa ya mashindano, dada, nzuri kupita kiasi, lakini ina kiti kimoja. Buluu ina viwili. Cha nyuma nimekishona ngozi mpya, na helmeti ya pili nimeitundika ukutani, haijavaliwa na mtu. Ng'ombe wako wako zizini, wote. Huna haja ya kuniandikia maelezo. Mtume mama mdogo Nyangeta aniambie neno moja tu, "njoo", nami nitakuja mchana kweupe, nipite mbele ya duka, wewe na Neema mpande.

Ni mimi mdogo wako, anayenuka dagaa,

Mafuru