Kovu Halina Mhuri

Mpendwa Namsifu,

Marahaba, mjukuu wangu. Huku Same tu wazima. Bibi yako amepanda mlimani kuvuna tangawizi. Umeuliza kama ulikosea kumfokea karani aliyekuzuia uwanja wa ndege kwa kukosa kadi ya chanjo.

Enzi za Mwingereza nilikuwa mwandishi wa habari kijana, naenda London kusomea kazi hiyo. Ningeikosa ndege, nafasi ya masomo angepewa mwingine. Uwanjani Nairobi, karani aliomba kadi ya chanjo ya ndui. Haikuwamo mkobani. Nikamwonyesha kovu la chanjo begani.

"Kovu halina mhuri, bwana."

"Basi mgonge mhuri begani!" abiria mmoja akadakia. Foleni ikacheka.

Sikubishana. Nilimuuliza, "Nifanye nini ili nipande ndege hii hii?"

Akanipeleka kwa daktari wa uwanja. Huyo alilitazama kovu, akasema aliyekwisha kuchanjwa akirudia chanjo, kadi yake mpya hufaa siku hiyo hiyo. Nikachanjwa, nikapewa kadi, nikapanda wa mwisho.

Niliporudi nyumbani, mama alifungua Biblia, akatoa kadi yangu kati ya vyeti vya ubatizo. Kumbe aliitoa mkobani mwenyewe.

"Unaona?" akasema. "Ungeibeba, ingepotea."

Babu yako wa makovu mawili