Hina ya Marina

Ijumaa. Joto la Sib, hapa Oman, leo halina adabu, na moyo wangu hauna pa kukaa. Kazi yangu ni kupamba maharusi kwa hina, lakini nimemwahirishia bibi harusi wa watu.

Nasubiri simu ya Amna.

Amna alikuwa mwalimu na jirani yetu hapa Sib, kabla hajarudi kwao Sudan na vita kumkuta huko. Ni Muislamu kama mimi. Wenye bunduki walipochoma kanisa la mtaani kwake na kumchukua baba yake Marina, binti Mkristo wa mtaani hapo, Amna alimficha binti huyo chumbani kwake. Leo anamtoa mjini kwa basi.

Tatizo ni mkono. Wakristo wa Kikopti huchorwa msalaba mdogo kifundoni tangu utotoni, kwa wino usiofutika. Na kwenye vizuizi wanakagua mikono.

Mimi na kimbelembele changu nikamwambia Amna: mpake piko nyeusi, maua mpaka juu ya kifundo, msalaba umezwe na ua. Nilijiona fundi kwelikweli. Amna akanikumbusha kwamba kwao hina ya namna hiyo ni ya mke wa mtu. Huku kwetu hata watoto hupakwa Sikukuu, nilisahau kabisa.

Basi ikabidi Marina apate mume. Mwanawe Amna, wa pekee, amepanda basi lile lile kujifanya bwana harusi. Wakigundulika, naye hatapona.

Ua langu ndilo lililompandisha.

Mama ananitazama nikizunguka sebuleni. "Kaa kitako, mwanangu. Hata mie nna khofu."

Sasa hivi ujumbe wa sauti wa Amna umeingia, wa kunong'ona. Wamepita kizuizi cha kwanza. Mwenye bunduki ameutazama mkono akawapa mabruk, hongera ya harusi. Kimebaki kimoja. Lakini Marina analia, anausugua mkono kwa mtandio uliolowa maji. Anasema kwa kuuficha msalaba amemkana baba yake.

Nimelia na mimi. Kisha nimemjibu Amna: mshike mkono. Mwambie asisugue. Piko itatoka yenyewe baada ya siku chache, na msalaba wake utakuwa pale pale.

Ujumbe umefika. Haujasikilizwa.

Marina, tulia mama. Usisugue.